Kibao Changu Kinasema Makochi

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni aibu kulisema, maana wenye digrii wanakalia kazi yangu. Kuanzia mtaa wa Nkuhungu mpaka Ipagala, ingia sebuleni, inua mto, utakuta mbao ya mninga niliyoiranda mimi.

Nilipokuwa mdogo kule Kibakwe, nyumba yenye makochi ilikuwa moja tu, ya bwana shamba. Yalikuwa na mikono ya mbao, mito myekundu, na vitambaa vyeupe vya kufuma vimetandikwa juu. Mama yangu alikuwa akiwafulia. Siku moja nilimsindikiza, nikakaa. Mke wa bwana shamba hakunipiga. Alisema tu, "Toka kwenye kochi, wewe," kisha akapangusa pale nilipokaa. Mama akainamisha kichwa. Neno hilo nililijua siku hiyo: kochi ni kitu wanachokalia wengine, wewe umesimama. Nikaapa nitakijua mpaka misumari yake.

Nimekijua. Ndiyo maana kibao cha karakana yangu kimeandikwa MAKOCHI, basi.

Sasa mwaka huu akaja dada mmoja wa ofisini, anajenga hosteli karibu na Chimwaga. Alitaka viti vya sebule zote. Oda kubwa kama hiyo sijawahi kuipata. Akajaribu seti iliyokuwa tayari, akaegemea.

"Kazi yako nzuri, Fundi. Ila hicho kibao! Nitaleta wenzangu waangalie, watanicheka. Makochi ni mambo ya bibi zetu. Andika sofa, oda ni yako."

"Hicho ulichokalia kinakuuma mgongo?"

"Hapana, kizuri sana."

"Basi hilo ni kochi, dada yangu."

Akacheka, akidhani natania. Binti yangu, anayenipokelea wateja, akanivuta pembeni. "Baba, ni neno tu. Siku hizi kochi ni lile la mikono ya mbao, likivalishwa kitambaa mpaka chini ni sofa."

"Hilo sofa livue kitambaa. Ndani kuna nini?"

"Baba, tunapoteza oda!"

"Ipotee."

Sikumweleza habari za Kibakwe. Ningeanzia wapi? Nilitoka jasho juani miaka yote hii ili kitu kile kiwe changu, na kilipokuwa changu, wanataka kukibadilisha jina, kiwe tena cha kwao. Hapana. Nilirudi nikamwambia yule dada kwamba kibao hakibadiliki. Akanyanyuka, akachukua mkoba wake. Oda akampa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, ambaye fremu za viti vyake nikizigonga kwa kidole zinalia kama debe.

Iliniuma, sitadanganya. Kesho yake nikamwita mchora vibao, nikamwambia herufi azifanye kubwa mara mbili.

"Mzee, na sofa niiweke hapo chini, kwa herufi ndogo?"

"Iweke, utaifuta kwa ulimi."

Akacheka, akachovya brashi. Nikamshikia ngazi mpaka akamaliza.