Kijiko cha Mshauri

Ofisini kwetu Kitengela, tunakosaidia watu wanaojinyima chakula au kukitapika makusudi, mshauri wetu hula pamoja na kila mgonjwa. Huongea chinichini, hutafuna polepole, na haweki kijiko chini kabla mwenzake hajamaliza. Juzi babake Naisula, muuza mbuzi wa soko la Kajiado, alimkuta bintiye mezani akila na mshauri, akamminya mgongo vile anavyopima mifugo. "Hata mbuzi wa kiangazi ako na nyama kushinda huyu!" Mshauri akaupiga ule mkono kofi lililosikika hadi nje. "Hapa hatushiki mtoto hivyo, Baba Naisula," akasema, kwa sauti ileile ya chini. Kisha akachukua kijiko chake, akaendelea kumngoja Naisula amalize.