Cheti cha Mpira wa Paka

Mimi nilinyimwa salamu kazini kwa majuma kadhaa kwa sababu ya mpira wa paka. Ni mzee sasa na mengi nimeyasamehe, lakini hili nikilikumbuka damu bado inanichemka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Tulikaa Nechells, mtaa wa mji wa Birmingham huko Uingereza, katika nyumba za matofali zilizobanana ambazo manispaa ilikuwa imeanza kuzibomoa kutoka upande wa pili wa mtaa. Panya waliofukuzwa na vifusi walihamia kwetu, ndipo tukachukua paka. Nilikotoka mimi, paka ni mfanyakazi. Humbembelezi, humnunulii kitu, na ukimshibisha hakamati panya. Lakini binti yetu, aliyekuwa na miaka minane, alishaingia katika desturi za Waingereza, na yule paka akageuka mtu wa nyumbani. Hakuruhusiwa kutoka nje kwa sababu watoto wa mtaa walikuwa wakiwapiga paka mawe kwenye magofu. Basi akafungiwa ndani, panya wakaisha, naye kwa kukosa kazi akaanza kupanda mapazia.

Binti akaniambia, kwa Kiingereza chake cha Birmingham, kwamba paka amechoka kukaa bure na anataka vitu vya kuchezea.

"Sasa tumefika hapo?" nilimuuliza mke wangu. "Nitoke kazini nikamnunulie paka mwanasesere?"

"Nani kakwambia ununue?" Alikuwa akifunga viatu aende zamu hospitalini. "Mtengenezee. Si kila siku unatuambia wewe ni fundi, baba watoto? Au ni ufundi wa mdomo tu?"

Nikatengeneza. Kibiriti kitupu nilikitia maharagwe machache, kikawa kinatoa mlio. Vigurudumu vya mbao vya uzi wa cherehani nilivifunga pamoja vikaburutwa sakafuni. Halafu nikafanya ninachokijua zaidi, mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba, kama ile tuliyopigia kandanda shuleni. Nilijivunia mpira ule. Paka aliufungua jioni moja na kuanza kuimeza kamba, na mke wangu akamkuta ncha bado iko mdomoni.

"Unataka kumuua mbele ya mtoto?" alinifokea. "Uzi na kamba, basi! Sitaki kuviona."

Nikawa nahitaji kitu kigumu kisichofumuka wala kushonwa, na kitu hicho nilikiona kila siku kazini.

Kiwanda chetu kilikuwa Tyseley, mtaa mwingine wa mji huo, kikitengeneza mifereji ya shaba, ile ya kufungulia maji. Mimi nilikuwa katika chumba cha kumimina shaba. Chumba cha pili walikuwa wakiing'arisha kwa magurudumu ya sufu iliyogandamizwa, nene kama kidole gumba, na mabaki yake yalitupwa kwenye pipa pamoja na vipande vya ngozi vya kuzibia mifereji. Nilishaona kichwani jinsi ya kufanya: unachonga sufu umbo la yai, unaupitisha mkanda wa ngozi katikati, unatoboa tundu kwenye ncha moja na kupenyeza ncha nyingine humo. Hakuna uzi hata mmoja. Kila Ijumaa pipa lile lilimwagwa motoni.

Sasa lazima nieleze jambo moja. Nilipomaliza shule ya sekondari nilianza kazi katika karakana ya reli kule Kenya. Pale hukutoka na msumari bila cheti cha getini kilichosainiwa. Mtu wa benchi langu alifungwa jela kwa kipande cha mkanda chakavu alichotaka kutengenezea kandambili. Hilo lilinikaa. Kwa hiyo nilimwendea msimamizi wetu wa Tyseley nikamwomba cheti.

"Cheti cha nini?"

"Vipande vya sufu na ngozi. Ni vya paka."

Alitazama huku na huku. "Viko kwenye pipa la taka. Tia mfukoni uende zako."

"Bila karatasi?"

"Mimi sijasikia kitu," alisema, "na wewe hujaniuliza."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza, na kosa hilo ni langu. Wakati wa chakula nilipanda ngazi nikaenda ofisini mwenyewe kuomba karatasi yangu. Karani alinisikiliza kwa adabu nyingi mno. Kesho yake tangazo lilibandikwa ukutani: kitu chochote cha kiwanda, hata takataka, kikitoka nje, aliyekitoa amefukuzwa kazi. Mlinzi wa getini akaanza kufungua mifuko.

Kumbe wenzangu wote walikuwa na kiwanda chao ndani ya kiwanda. Walikuwa wakitengeneza vinara, vyuma vya kugongea milango na fito za shaba za kuchokorea moto, vyote kwa saa za kazi na shaba ya tajiri. Niliwahi kuona watu wakitoka getini mguu mmoja umekakamaa, nikadhani ni baridi yabisi, kumbe suruali ina fito ndani. Hodari wao alikuwa jamaa mmoja mnene wa tanuru, ambaye inasemekana alitoa lango zima la bustani, kipande kwa kipande. Hawa ndio walionigeuzia mgongo. Mimi niliyeomba takataka kwa heshima nikawa mbaya, na wao waliobeba lango wakawa waungwana waliodhulumiwa!

Adhabu yao ilikuwa kimya. Ukiingia chumba cha kuvalia mazungumzo yanakatika. Ukiuliza saa, hakuna mwenye saa.

Aliyebaki kuzungumza nami alikuwa fundi mmoja Singasinga aliyezaliwa Kisumu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu alipotaka kutukana. Aliniita Mwalimu, kwa sababu ya Kiingereza changu cha shule.

"Mwalimu, kichwa chako kiko sawasawa?" alinikabili wakati wa chai. "Mtu mzima anaomba cheti cha paka?"

"Nilitaka kufuata sheria."

"Sheria ya nani? Hii si reli, bwana. Hapa nyapara anafumba jicho, hiyo ndiyo saini yake. Wewe umeenda kumwambia afumbue."

"Kwa hiyo kuomba ni kosa na kuiba ni sawa?"

"Nani ameiba? Pole pole na hilo neno, watakusikia." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hawa hawaogopi mwizi, ndugu yangu. Wanaogopa mtu asiye na kitu cha kuficha. Wewe utawasema wakati wowote, na wao hawana la kukusema."

Nilimwambia heri niishi na kimya chao hadi nizikwe. Niliyasema hayo kwa hasira, na hasira ile ingenigharimu ngozi yangu. Katika chumba cha kumimina, watu wawili hubeba chungu cha shaba iliyoyeyuka kwa mapao marefu, na wanapopita nyuma ya mtu lazima wapige kelele. Siku moja hawakupiga. Niligeuka kuchukua koleo, nikahisi joto, na chungu kikapita karibu na mkono wangu hata nywele zikaungua. Hakuna aliyesema samahani. Yule mnene ndiye aliyeshika pao la mbele, naye aliendelea kutembea kana kwamba hapo nilipokuwa hapakuwa na mtu.

Usiniambie ilikuwa bahati mbaya. Nimeyapima hayo miaka yote hii. Ila mke wangu alikuwa bado mwanafunzi wa uuguzi, na jina langu ndilo lililokuwa kwenye kodi ya nyumba. Kuondoka sikuweza, na kubaki vile ilikuwa hatari.

Ijumaa iliyofuata, kabla pipa halijamwagwa, nilipita chumba cha pili nikachagua sufu nzuri na mikanda ya ngozi. Sikujificha. Nilikwenda nayo hadi kwenye karai refu la kunawia, wote wakiwa pale na sabuni mikononi, nikafungua shati na kuanza kujipachika mabaki tumboni. Msimamizi alikuwa ofisini mwake nyuma ya kioo. Yule mnene aliniangalia, akajifuta mikono taratibu, kisha akasogea na kusimama kati yangu na kile kioo mpaka nilipofunga kifungo cha mwisho.

"Wikiendi njema," aliniambia.

Ndilo neno lake la kwanza baada ya majuma yote yale. Nikaitikia! Ndiyo, niliitikia, na nilifurahi, na kufurahi kwangu ndiko kunakoniudhi zaidi. Mlinzi alifungua mfuko wangu akaona chupa ya chai, akanipungia nipite.

Mpira ulifaa sana. Paka aliushika kwa miguu yote minne akaupiga mateke hadi chini ya kabati. Binti yangu, ambaye siku zote hizo nilikuwa nikimwambia tunangoja ruhusa, aliinua uso akauliza kama hatimaye waliniruhusu.

"Niliomba," nikamjibu.

Mke wangu, aliyekuwa akipiga pasi sare yake, alinitazama shati lililochafuka sufu, akarudi kwenye pasi yake. Binti akasema basi niombe tena, maana paka wa jirani naye hana kitu. Jumatatu nilichukua mabaki mengine, na zamu hii nilijaza mifuko yote miwili ya suruali.