Sarafu ya Koko Kwenye Mizani ya Omate

Kwetu Kalembe pesa ni karatasi. Nimekua bila kuona mtu akilipa kwa sarafu, ndiyo maana ile ya kwanza niliyoiona niliidhani ni kifungo cha koti. Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye meza ya mama mmoja wa Kashebere anayechaji simu za watu kwa sola. Nilikuwa nimepeleka maharagwe sokoni, nikaingia kwake kusubiri mvua iishe. Katika kopo lile mama alikuwa akiweka vyuma vya zamani ambavyo wateja wake waliviokota shambani au kuvikuta katika masanduku ya wazee wao: senti zenye tundu katikati, makuta ya wakati wa Zaire, faranga za Wabelgiji. Alinimwagia zote mezani. Nilizigeuza mpaka mvua ikaisha, na baada ya mvua niliendelea kuzigeuza.

"Kamata hizi tatu," aliniambia. "Ukizipoteza, usirudie hapa."

Mimi si msemaji. Nyumbani wananitania kwamba huwa naomba ruhusa kwa kiti kabla ya kukikalia. Niliacha shule baada ya darasa la sita, na hadi leo naandika polepole, herufi moja moja. Kwa sarafu upole huo ulinifaa. Maneno yake ni madogo, yamezunguka ukingoni, na mtu mwenye haraka hayaoni. Niliyanakili katika daftari kama mtu anayehesabu punje za mtama. Kisha nikagundua njia bora: ukilaza karatasi juu ya sarafu na kusugua kwa kalamu ya risasi, sarafu inajichora yenyewe.

Moja kati ya zile tatu ilikuwa ya shaba nyekundu, yenye tundu na nyota. Niliipenda kuliko zote, na ndiyo niliyoiharibu.

Siku hizo kulikuwa na sauti ya mwanaume iliyorekodiwa, ambayo watu walitumiana kutoka simu moja hadi nyingine. Alisema sarafu ya zamani ing'ae kwanza, bila hivyo hakuna mnunuzi atakayeiangalia. Kwetu maneno kama hayo yanaingia kirahisi. Nani hajui kwamba mawe ya machimboni huoshwa kabla ya kuuzwa, na kwamba uchafu unashusha bei? Nikashuka kijitoni na ndimu na mchanga laini, nikaisugua sarafu yangu jinsi wachimbaji wanavyosugua. Iling'aa kama sufuria mpya. Nilifurahi siku nzima.

Kesho yake niliilaza chini ya karatasi, nikasugua kalamu, nikaweka mchoro mpya kando ya ule wa zamani. Nyota ilikuwa imepoteza ncha zake. Herufi nilizohangaika nazo juma zima zilikuwa zimebaki nusu nusu. Hapo nilielewa kwamba kile nilichokuwa nimekisugua kikatoka kilikuwa sura ya sarafu yenyewe, na hakirudi.

Niliipeleka Kashebere nikiwa na aibu. Mama hakunigombeza. Aliitazama, akaitazama michoro miwili, akauliza, "Ule muntu wa mu telefoni, alishika hii sarafu yako mu mukono?"

Nikasema hapana.

"Sasa, yeye njo ulimwamini, na macho yako uliiacha wapi?"

Kuanzia siku ile kila jambo nililoambiwa juu ya sarafu niliandika kando yake neno moja kati ya mawili: nimeona, au nimesikia. Kurasa za kwanza zilijaa nimesikia. Nimesikia kwamba sarafu ya rais mwenye kofia ya chui inanunuliwa Goma kwa bei ya ng'ombe. Nimesikia kwamba senti zenye tundu zilitobolewa na watu ili wazivae shingoni. Hilo la pili nililichunguza. Nilizipanga senti zote za kopo la mama mezani. Tundu lilikuwa katikati kabisa kwa kila moja, lina ukingo wake laini, na maneno yalikuwa yamelizunguka bila hata herufi moja kukatwa. Hazikutobolewa, zilizaliwa hivyo. Nikaifuta habari ile, nikaandika kwamba zilizaliwa na tundu, na kando yake nikaandika nimeona, polepole, kwa herufi kubwa. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kufurahia neno moja kiasi kile.

Nyumbani kulikuwa na sarafu moja ambayo haikuwa yangu. Ilikuwa ya bibi yangu, ambaye sote tunamwita Koko. Ina pembe sita, rangi ya manjano iliyofifia, na juu yake tembo anatembea. Baba yake Koko alilipwa sarafu hiyo kwa kazi ya barabara, akampa binti yake, na hakuna kingine cha mzee huyo kilichobaki duniani. Koko anaifunga katika pembe ya kitenge chake. Siku moja, tulipotoka kanisani, aliniruhusu kuichora. Niliandika chini ya mchoro mwaka uliokuwa juu yake, 1943. Mama wa Kashebere alitafuta picha yake katika simu. Pale iliandikwa kwamba ni faranga mbili, nayo ni ya shaba ya manjano. Kando yake niliandika: nimesikia.

Kisha baba mdogo, anayechimba dhahabu Omate, akaja kwa ubatizo wa mtoto. Aliiona sarafu Koko alipokuwa akifungua kitenge kutoa sadaka. Jioni ile alisema mbele ya wote kwamba kule machimboni wanajua: Wabelgiji walichanganya dhahabu katika sarafu zenye tembo. Ataipeleka kwa mnunuzi, itayeyushwa, na Koko atapata mabati ya nyumba. Baba mdogo hakuwa na ubaya. Nyumba ya Koko ilikuwa ikivuja kweli.

Nilisema, kwa sauti ambayo nilitumaini hakuna atakayeisikia, kwamba si dhahabu.

"Weye ulichimba zahabu wapi?" aliuliza baba mdogo. "Mu daftari?"

Watu walicheka. Nikatoka nje, nikasimama karibu na zizi la mbuzi. Koko alinifuata na fimbo yake.

"Unajua," aliniuliza, "ao unasikia tu?"

Ningeweza kumwambia najua. Nilitaka sana kumwambia najua. Lakini nilikuwa nimeshaandika katika daftari, na daftari halikusema hivyo. Nikajibu kwamba nimesikia tu.

Aligonga fimbo yake chini. "Basi enda naye uone. Kama iko zahabu, iyeyuke. Kama hapana, unirudishie baba yangu."

Tulisafiri siku mbili, kwa pikipiki na kwa miguu. Baba mdogo aliibeba sarafu mfukoni, na kila aliposimama kupumzika niliutazama mfuko ule.

Mnunuzi wa Omate alikuwa mtu mnene mwenye sauti ndogo. Makaa yalikuwa tayari, na kibakuli cha udongo cha kuyeyushia kilikuwa kando yake. Baba mdogo alimweleza habari ya tembo. Mnunuzi aliigeuza sarafu mara moja tu, akasema yeye huyeyusha kile mtu anacholeta, kazi yake ni moto.

Hapo nikaiona mizani yake. Ilikuwa ndogo, yenye visahani viwili vilivyoning'inizwa kwa uzi. Wanunuzi wa kule hawapimi dhahabu kwa mawe ya dukani. Wanapima kwa njiti za kiberiti na sarafu za zamani. Katika rundo la vipimo vya mizani ile kulikuwa na makuta, kulikuwa na senti yenye tundu, na chini yao, imelala chali, faranga mbili nyingine ya manjano, ya duara, yenye tembo. Niliwahi kuiona katika simu ya mama wa Kashebere. Ukubwa wake ulikaribiana na wa ile ya Koko.

Nilisema kitu. Hakuna aliyesikia.

"Dada, unasema nini?" aliuliza mnunuzi, kibakuli kikiwa mkononi.

Nilisema tena, na safari hii sauti ilitoka. Niliomba aweke sarafu ya Koko kwenye kisahani kimoja na ile yake ya tembo kwenye kingine. Baba mdogo alinikazia macho, lakini mnunuzi alikwisha kuziweka. Vile visahani vilipanda na kushuka, kama watu wawili wanaosalimiana kwa heshima, kisha vikatulia. Vilikuwa sawa, au karibu kabisa na sawa.

"Baba mudogo," nilisema, "zahabu inabakia chini ya karai sababu iko nzito kuliko muchanga yote. Weye njo ulinifundisha. Hizi mbili ziko karibu ukubwa moja. Kama ya Koko iko zahabu, mbona haishuki?"

Alivitazama visahani kwa muda mrefu. Yeye ni mchimbaji. Uzito anaujua kwa mkono kuliko mimi ninavyojua kusoma.

"Labda na ile ingine iko zahabu," alisema mwishowe.

Mnunuzi alicheka mpaka ikabidi aweke kibakuli chini. "Kama ile iko zahabu, miye njo mujinga wa kwanza wa Omate. Inalala hapa mezani kila siku, na mulango haina kufuli."

Waliokuwa mlangoni walicheka pia, na mara hii hawakunicheka mimi. Baba mdogo naye akacheka, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu. Aliichukua sarafu kutoka kwenye kisahani na, badala ya kuirudisha mfukoni mwake, akaiweka katika kiganja changu. Ilikuwa na joto la makaa yaliyokuwa karibu. Nilitoa daftari palepale, nikafuta nimesikia, na watu walisubiri niandike mpaka nikamaliza.

Koko alikuwa akipepeta maharagwe tulipofika. Alinyoosha pembe ya kitenge, nikaiweka sarafu, akafunga fundo kwa meno. Kisha alinitania kwamba nyumba itaendelea kuvuja, lakini sasa atanyeshewa akiwa na baba yake. Mwezi uliofuata baba mdogo alileta mabati manne, ya jasho lake mwenyewe, na paa likazibwa upande wa kitanda.

Siku hizi watu wananiletea vyuma kutoka mbali, na wananiuliza kabla ya kuamini simu. Ninajibu polepole. Mara nyingi najibu kwamba sijaona bado, na wanakubali kusubiri.

Juzi baba mdogo alitoka Omate tena. Alinikabidhi kitu kilichofungwa katika jani la mgomba, kimejaa udongo mweusi kiasi kwamba hakionekani ni nini.

"Sikuiosha," alisema.