Paka Aliyeshindwa Kukojoa

Kazi yangu ni kutunza wazee kwenye nyumba moja hapa mjini Bowie, ughaibuni. Kutwa nzima naandika nani amekojoa, saa ngapi, na mkojo ulikuwa rangi gani. Nikirudi nyumbani sitaki hata kusikia habari ya choo.

Kwa hiyo paka wetu dume alipoanza kuchuchumaa kila mahali, hadi juu ya yunifomu yangu safi, nilimfokea tu. Kwetu nilikokulia, paka alikuwa wa kukamata panya, si wa kufuatwafuatwa chooni. Binti yangu alisema, kwa Kiingereza chake, kwamba paka anajikamua na hakuna kinachotoka. Nikamwambia nimechoka, aniache nilale.

Siku ya pili yake tumbo la paka lilikuwa gumu kama limau. Tukamkimbiza kwa daktari wa mifugo. Walimwekea mpira wa mkojo akapona, lakini kilichonibakia ni swali la daktari: alikojoa lini mara ya mwisho?

Kazini naulizwa hivyo kila siku, na sijawahi kukosa jibu. Pale nilimtazama binti yangu. Binti yangu, ambaye hunijibu Kiingereza siku zote, alinigeukia akasema kwa Kiswahili, "Tangu juzi, mama. Nilikuambia."