Kiungo Nilichokipiga Plasta

Nilifika Nairobi kutoka Lodwar baada ya siku mbili barabarani. Hadi Kitale nilipanda lori lililokuwa likirudisha kreti za chupa tupu za soda, na chupa zile zililia kutwa nzima hadi nikaacha kuzisikia. Usiku nilijinyoosha kwenye benchi, asubuhi nikapata basi, na nikashuka Kangemi mgongo ukiwa umekufa ganzi. Nilikuwa na mkoba wa nguo na mwingine wa geji za kupimia gesi, mipira yake na kikatio cha mabomba. Nilikuwa nimefanya kazi ya mitambo ya baridi Voi na Garissa pia, na kila mahali nilipakumbuka zaidi ya nilivyopapenda nikiwa pale. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu.

Nilipanga chumba Waithaka, kwenye ploti ya mtu wa rika langu ambaye naye alikuwa fundi wa AC. Ardhi aliachiwa na babake na angeweza kuishi kwa kodi zetu, lakini hakupenda kushinda nyumbani. Tukawa tunatoka pamoja, siku nyingine mtaa wa jirani wa Satellite, siku nyingi mjini.

Mwenyeji wangu alikuwa na mazoea ya mafundi wengi wa mjini: pampu ya kunyonya hewa aliiacha nyumbani kwa kuwa ni nzito. Alifungua gesi kidogo iisukume hewa nje ya bomba, akakaza nati, akaondoka. Mimi nilifundishwa kunyonya hewa yote, kufunga vali, kisha kukaa nikiitazama sindano ya geji. Ikitulia, bomba ni zima. Ikipanda, kuna mahali panavuja.

"Buda, pampu ya nini?" alinicheka. "Kwani unaipeleka ICU?"

Tulipewa kazi ya kufunga AC kwenye ghala la duka la dawa, orofa ya tano, lifti ikiwa imekufa. Mwenye duka hakuonekana. Tuliyemjua ni mfamasia, mama wa makamo kutoka upande wa Machakos, ambaye kila mtu alimwita daktari. Siku ile ya kwanza alituonyesha cheti ukutani.

"Chumba kikipita nyuzi ishirini na tano, wakaguzi wanafunga," alisema. "Na jina liko hapo ni langu, si la mwenye duka. Nikipoteza hiyo, mimi sina kazi tena mahali popote."

Bomba letu lilikuwa fupi. Nikaunganisha vipande viwili, na kiungo kikaangukia ndani ya ukuta. Kiungo hakifichwi ukutani. Hilo nililijua vizuri. Lakini pampu ilikuwa Waithaka, saa zilikuwa zimeenda, na miguu yangu haikutaka zile ngazi tena. Tukasukuma hewa kwa gesi, tukafunga. Nikapiga plasta mwenyewe na kuilainisha kwa uangalifu mkubwa.

Baada ya wiki tatu daktari alitupigia simu. Chumba kilikuwa kimeanza kupata joto. Tulienda, tukajaza gesi, akatuitia chai. Wiki tatu nyingine, tena. Ikawa kama ratiba. Mwenzangu alimwambia mashine hizi za siku hizi ndivyo zilivyo, naye akaamini. Mimi nilikunywa chai nikitazama ile plasta. Nilichoka kuliko nilivyowahi kuchoka Garissa kwenye jua lile, na sikuwa nimebeba chochote.

Mwezi wa nne tangu tufunge mashine ile, akapiga simu Jumatano. Wakaguzi wangefika Ijumaa.

"Tunajaza kesho jioni," mwenzangu alisema. "Itakaa mpaka waende. Shida iko wapi?"

Huenda ingekaa. Lakini kila safari ilikuwa ikivuja haraka zaidi, na tukikosea, atakayelipa ni yule mama. Alhamisi asubuhi nilichukua pampu begani na mtungi wa naitrojeni, gesi ya kutafutia mivujo, mkononi, nikapanda peke yangu, nikipumzika kila orofa.

"Daktari, gesi haivujii kwa mashine," nilimwambia. Nikagonga ukuta. "Inavujia hapa. Kuna kiungo ndani. Nilikifunika mimi."

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Miezi minne nakuitia chai, fundi. Unakaa hapo unakunywa, unaangalia huo ukuta."

Niliishusha pampu sakafuni, chini ya ile plasta.

"Na ukibomoa leo halafu ikatae?"

"Kesho watapata chumba moto."

Alinitazama, akatazama cheti. "Bomoa," alisema, akaanza kuyafunika maboksi ya dawa yasiingie vumbi.

Nilipobomoa ukuta hadi kiungo kikaonekana, nilijaza naitrojeni na kupaka povu la sabuni. Viputo vikatoka palepale, vidogo, bila haraka. Nilikata sehemu yote, nikaweka bomba moja refu. Nikajaza naitrojeni tena, nikapaka povu. Safari hii hakikutoka kitu. Nikawasha pampu. Baada ya saa nzima nilifunga vali, nikakaa sakafuni, na yeye akaja akasimama nyuma yangu. Nusu saa sindano haikusogea. Ndipo nikapima gesi kwa mizani na kuiingiza.

"Imepona," nilisema.

"Sawa. Lakini wewe usirudi hapa. Wala yule mwenzako."

Mwenzangu aliposikia alisema nimemtangaza mjini kama mwizi na nimtafutie mtu mwingine wa kuishi ploti yake. Hakupaza sauti. Asubuhi ya Ijumaa nilimpa funguo, nikaenda mjini na mikoba yangu miwili, nikakata tiketi ya Namanga, kwa sababu Namanga sikuwahi kuishi. Basi la kwanza nililiacha liende. Saa saba nilipiga simu.

"Wameenda," daktari alisema. "Nyuzi ishirini na mbili."

Akakata. Nikaingia kwenye basi la pili.