Nilizima Muvi Panga Likiwa Juu

Kosa ni langu. Nianze na hilo kabla sijaanza kujitetea, maana nikijitetea huwa naongea vizuri sana, na kuongea vizuri ndiko kulikonifikisha hapa.

Mimi ni kijana wa Gendabi, Hanang. Shule niliishia kidato cha pili. Majina ya watu nimeyabadilisha. Nina banda la muvi: mabati juu, turubai pembeni, mabenchi, televisheni moja na betri ya sola. Ninachokipenda kuliko vyote ni maiki. Muvi ikianza, mimi nakaa pembeni ya televisheni natafsiri, kama wale madijei wakubwa ambao sauti zao zinafika mpaka Mbulu. Ndoto yangu ilikuwa siku moja sauti yangu nayo isikike kwenye basi la Arusha. Nilikuwa nawaza hivyo nacheka peke yangu njiani!

Sasa siri ni hii. Lugha zenyewe sizijui. Muvi ikiwa na maandishi ya Kiingereza chini, nashika nusu. Nusu nyingine natunga.

Siku ya mnada nilipata muvi mpya kwenye flashi kutoka kwa jamaa wa Katesh. Akaniambia hii siyo Kihindi tulichozoea, ni Kimalayalam, watu wa kusini kabisa kwa India, na mastaa wao wakubwa wote wamejaa humo ndani. Kweli! Kila baada ya muda mlango unavunjika, anaingia mtu mwingine na muziki wake. Hadithi ni ya kijana aliyeuliwa baba yake na tajiri mwenye mashamba. Polisi wanamwogopa tajiri, kijana anarudi kulipa kisasi.

Mchana ule banda lilijaa. Nusu wakulima wa huku kwetu, nusu vijana wa wafugaji waliotoka mnadani. Benchi la nyuma alikaa Gidahoda.

Gidahoda tunalingana umri. Ni wa familia ya wafugaji, majirani zetu wa upande wa chini. Wiki ile alikuwa na uchungu. Dume lake la rangi ya majivu, alilolilea toka likiwa ndama, lilikutwa karibu na mashamba ya mahindi likiwa limekatika mguu wa nyuma. Ikabidi lichinjwe. Nani kalikata, hakuna aliyejua.

Kwetu jambo kama hilo lina taratibu zake. Wazee wa wakulima na wazee wa wafugaji wanapanga siku ya kukaa pamoja. Mpaka wakae, hakuna kumtaja mtu, hata kwa utani, hata kilabuni. Ukimtaja mtu umewasha moto. Mtoto mdogo anajua hilo. Na mimi nilijua.

Lakini tajiri wa kwenye muvi alipotokea, watu walikuwa wamepoa kidogo, na mimi sipendi banda lipoe. Nikamwigiza Mzee Boay.

Mzee Boay ni jirani yangu, mkulima, mzee wa kanisa. Mahindi yake yako kule kule lilikokutwa dume. Ana namna yake ya kuongea: anakohoa mara mbili kwanza, halafu anasema, "Mimi na shamba langu, wewe na kwato zako." Basi nikakohoa mara mbili kwenye maiki, nikasema vile vile. Jina sikutaja. Watu walicheka mpaka benchi la mbele likaanguka.

"Dijei, leo umempeleka mzee wetu mpaka India," mmoja akasema.

Nikanogewa. Kila tajiri alipofungua mdomo, mimi nakohoa. Nikamtilia mdomoni na maneno ya kukata ng'ombe miguu, wakati kwenye muvi hakuna hata ng'ombe mmoja wa maana.

Gidahoda hakucheka. Nilimwona. Nikajua anafuatilia tu.

Mwishoni kijana anamshika tajiri, anampigisha magoti kwenye mvua, panga liko juu. Watu wote walikuwa wamesimama wanasema kata, kata. Muvi ile nilikuwa nimeshaiangalia peke yangu, nilijua kinachofuata. Kijana anatupa panga chini. Anasema mahakama ndiyo itamhukumu. Halafu inakuja mahakama ndefu, watu wanaongea wee, mpaka tajiri anafungwa. Nikaona hapa banda litalala.

Nikasema kwa sauti nzito, "Mahakama ni huu mkono wangu!" Nikazima televisheni panga likiwa juu. Nikawaambia betri imekwisha, tajiri kauliwa, twendeni nyumbani.

Walinipigia makofi. Makofi yale, jamani!

Wenzake walipotoka, Gidahoda alibaki. Aliniuliza taratibu kabisa, "Dijei, yale maneno ya yule mzee ni yake kweli? Hukuongeza?"

"Sijaongeza hata moja," nikamwambia.

Akachukua fimbo yake akaondoka. Baadaye mwenzake mmoja alikuja kuniambia kwa siri alichowaza. Alidhani mimi, kwa kuwa ni jirani wa Mzee Boay, niliona kitu, na kwa kuwa kumtaja mtu hairuhusiwi, nampitishia ujumbe kwenye muvi.

Asubuhi yake nilikuwa bombani nachota maji, nikasikia yowe la mwanamke upande wa mashamba. Nikaacha ndoo nikakimbia. Mzee Boay amekaa chini katikati ya mahindi, amekumbatia mkono wake wa kulia, damu inachuruzika mpaka kwenye viatu. Aliuinua kukinga kichwa. Hatua chache kutoka hapo amekaa Gidahoda, panga amelitupa mbali, analia. Hakukimbia. Mgambo walipomfunga kamba alipita mbele yangu akaniangalia.

Mzee alipakiwa kwenye bodaboda, mwanawe nyuma amemshikilia, mpaka hospitali. Amepona, ila vidole viwili havikunji tena. Gidahoda yuko mahabusu.

Halafu wazee wakakaa. Na siku ile ya kikao vijana wa kuchunga wakaleta diski kuukuu ya plau la trekta waliyoikuta korongoni, chini ya mashamba yale yale, imesimama kwenye matope, ina manyoya ya rangi ya majivu na damu iliyokauka. Dume lilitumbukia lenyewe. Hakuna mtu aliyelikata!

Baba yake Gidahoda akasimama. Ni mzee mrefu, haongei sana. Akauliza, "Nani alimtaja mzee huyu kwa mwanangu?"

Waliokuwa bandani kwangu walikuwepo pale wengi tu, wote wakaangalia chini. Na mimi nilikuwa nyuma yao. Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Mimi! Mwenye maiki!

Tangu siku hiyo naishi kwa hofu. Naogopa wale wazee wakiamua kumlaani aliyechochea, maana laana haihitaji kulijua jina. Naogopa watoto wa Mzee Boay. Pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje, nazima taa. Banda nimelifunga.

Juzi nikashindwa kuvumilia, nikaenda kwa Mzee Boay. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae. Nikamweleza yote, mpaka kile kikohozi. Nilitegemea anifukuze na mbwa.

"Na hiyo sinema yako," akaniuliza, "mwisho wake hasa ni nini?"

"Anatupa panga, babu. Anamwachia hakimu."

Mke wake alitoka na chai, akatuangalia, akarudi nayo ndani.

"Yule kijana namjua toka anachunga ndama," mzee akasema. "Siku zote hizi nimekaa hapa nawaza nilimkosea nini."

Nikaanza kulia. Akaniambia, "Usinililie mimi. Nenda kwa baba yake."

Nilikwenda. Baba yake alinisikiliza akiwa amesimama kwenye mlango wa zizi, hakunikaribisha ndani. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu, kama hayo nitayasema mbele ya hakimu. Nikasema nitasema.

Kesi inatajwa wiki ijayo. Sijui kama itamsaidia Gidahoda, maana panga alilishika yeye. Sijui kama na mimi nitarudi nyumbani siku hiyo. Mara mbili nimefunga begi niende Yaeda Chini kwa mjomba, huko barabara mbaya, hakuna wa kunifuata. Mara mbili nimelifungua. Ndiyo maana naandika hapa. Jina sijaweka, lakini waliokuwa bandani wakisoma watanijua, na nikishajulikana sitaweza kukimbia.

Na wewe kijana mwenzangu unayeshika maiki, nakuomba sana. Watu waliokaa mbele yako wametoka porini na mashambani na mambo yao moyoni, na wanakuamini. Usimtie jirani yako kwenye mdomo wa mtu mbaya ili uchekewe. Pale usipoelewa, nyamaza, picha itaongea yenyewe. Na hata kama watu wanapiga miayo, waache waone muvi mpaka mwisho.