Diski ya Azzan Hairudi Tupu

Azzan Hashil, fundi kompyuta wa Mlandege, akijiita injinia. Injinia wa nini, Mungu ndiye ajuaye. Mwaka 2004 alikuwa na kiduka, feni bovu, na diski moja nyeusi aliyoifunga kwenye leso kama hirizi. Ndani yake mlikuwa na Windows aliyoitayarisha mara moja, pamoja na programu zake. Akija mteja anainakili kwenye kompyuta yake, kazi kwisha. Akiiita diski mama. Neno lake la siri lilikuwa Kawthar, jina la mwanawe, na kaliandika juu ya diski kwa wino mzito asije akalisahau. Injinia huyo!

Mimi nikisomesha kompyuta Mwanakwerekwe, wasichana kumi na wawili, na mashine zetu akizitengeneza yeye. Nikamwambia, "Azzan, diski mama haiazimwi. Ifungie kabatini, na kabla ya kuinakili ikague."

"Wee Mwalimu Sheikha! Jirani akuombe chombo umnyime? Sisi hatukulelewa hivyo."

Basi akaiazima diski ile kama mbuzi ya kukunia nazi. Na watu wetu unawajua, chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa sahani ya futari, unairudisha na visheti. Na diski wakaifanya vivyo hivyo. Gharib wa studio akatia picha za harusi. Bi Mwanakheir akatia kaswida. Mwingine, hajulikani mpaka leo, akatia mchezo wa karata, na ndani ya mchezo mlikuwa na kirusi cha kompyuta, kimelala kikingoja siku yake. Azzan akashukuru, akaucheza wiki nzima. Kukagua, hakukagua.

Alhamisi akaja kuzifuta mashine zetu zote kumi na mbili na kuzitilia upya kutoka diski ile, tayari kwa mtihani wa Jumamosi, ambao cheti chake hutolewa siku ile ile. Mwanaasha wa Paje, aliyewapita wenzake wote, alishaahidiwa kazi ya mapokezi kwenye hoteli ya kwao, mradi afike Jumatatu na cheti mkononi. Akinambia kila siku, "Mwalimu, kazi ya kufunga mwani baharini nshaipa talaka."

Jumamosi, nusu saa ndani ya mtihani, mashine zote zikazimika. Ukiziwasha, zinazimika tena. Msimamizi kutoka Dar akangoja mpaka boti ya mwisho, akafunga mkoba wake, akenda zake. Mtihani mwingine, mpaka mwakani. Mwanaasha hakulia. Alivaa viatu vyake, akanipa mkono, akashukuru. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira.

Diski yake Azzan alikuwa kaisahau mezani kwetu. Nikaifuta yote, sikubakisha kitu, nikampelekea barazani mbele ya majirani zake.

Akaichomeka kwenye kompyuta ya dukani. "Mbona tupu?"

"Tupu."

Uso ukamsawijika, na mtihani hakuutaja hata kwa neno moja. Lililomuuma ni lile tu. Mpaka leo hanisalimii; anawaambia watu, "Sheikha hana adabu, kanirudishia chombo kitupu." Hoteli ilichukua mtu mwingine Jumatatu ile ile. Mwanaasha yuko Paje, anafunga mwani.